Papai Bichi Kwenye Nyama

Nyama ya mishikaki ililala ndani ya papai bichi ipate kulainika, naye Mwanakombo akaisahau, macho mlangoni. Hatimaye mumewe akaingia akichechemea kutoka hospitali.

"Kasemaje daktari, Baba Siwema?"

"Ati kimeng'enya kimezidi damuni, kinaua seli zilizotanda ndani ya mishipa ya mguu. Zikiisha, mguu utakatwa. Nimepewa dawa ya kukituliza, kama hatujachelewa."

"Kimeng'enya ni mdudu gani huyo?"

"Si mdudu, ni kemikali yetu wenyewe mwilini, huvunjavunja vitu. Haya, kitendawili!"

"Na mguu huo? Tega."

"Kikipimwa hulainisha, kikizidi hula."

"Papai!" Mwanakombo akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Akakimbilia bakuli, akaisuuza nyama, akaisuuza tena, nayo ikimumunyuka vidoleni mwake.