Aliyemtwika Kapu

Siku tatu baada ya bomu kulipuka sokoni, Bi Mashavu, muuza ndizi, alikwenda kituoni akawaambia polisi kwamba yeye ndiye aliyemtwika kapu yule kijana aliyejilipua.

"Ulijua lina nini?" askari akauliza.

"Hata, mwanangu. Aliniamkia, akaniomba nimsaidie. Lilikuwa zito, nikampa pole."

Askari akaandika, akamwambia hana kosa, aende nyumbani.

Hakwenda. Alikwenda msibani kwa Tunu, ambaye mumewe alikuwa akiuza nyanya meza ya jirani na sasa amezikwa. Wanawake waliokuja kuhani walimwambia aketi. Akakataa. Alisimama katikati ya chumba, akarudia yote aliyowaambia polisi, hata ile pole. Mmoja akaanza kulia, wenzake wakamnyamazisha.

"Kwa nini umekuja kuniambia mimi?" Tunu akauliza.

"Sikutaka uyasikie kwa watu."

Tunu aliitazama mikono ya Bi Mashavu kwa muda mrefu. Kisha akajivuta kwenye mkeka mpaka ukutani, nafasi ya mtu mmoja ikabaki wazi kando yake. Hakusema kama alikuwa akimpisha au akimkimbia.