Maana Mbili za Uongo

Kabla ya chai ya saa nne, mhariri wa kamusi alikuwa ameshadanganya mara mbili, na mara zote mbili kwa lugha safi.

Uongo wa kwanza alimpa mpiga chapa. Ulikuwa kwenye kadi nyeupe kama kadi zote za ofisi ile: neno juu, maana katikati, asili chini. Neno lenyewe lilikuwa set, neno la Kiingereza la herufi tatu tu lakini lenye balaa la kujaza chumba. Kuweka. Kutega mtego. Kuandaa meza. Jua kutua, saruji kuganda, mfupa kuungwa. Halafu kuna seti ya vikombe, ambayo ukoo wake ni mwingine kabisa: imetoka Kilatini ikapitia Kifaransa, haina undugu na hao wengine. Katikati ya hizo zote mhariri akachomeka ya kwake: "kamba ya kufungia mbuzi mgonjwa."

"Hii ya mbuzi umeitoa wapi, bosi?" mpiga chapa akauliza.

"Wewe piga tu, na usimwonyeshe mtu."

Uongo wa pili aliupiga chapa mwenyewe, kwa vidole viwili, mlango umefungwa. Akampelekea msahihishaji: "mlio wa bawaba iliyokosa mafuta." Msahihishaji, mtu wa miwani mizito na maneno machache, aliisoma mara mbili kisha akatia tiki. Mhariri aliona hakuuliza imetoka wapi. Akaliweka hilo moyoni.

Alikuwa na sababu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ofisi nyingine ikitunga kamusi kama yao, ikitoa kijitabu kwa kila herufi. R ya ofisi hiyo ilikuwa imetoka wiki mbili kabla ya R ya mhariri, ikifanana nayo kama pacha. Mwenye kampuni hakupiga kelele. Alisema tu, "S wakitutangulia nayo, na maneno ni yetu, funga ofisi uniletee funguo."

Wakati ule wa R mhariri alimfukuza mtunza kadi, ambaye pia alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe wa tumbo moja. Ushahidi hakuwa nao. Alimwona tu akinunua gazeti upande ule wa barabara.

"Shemeji, sijatoa hata kadi moja," mtunza kadi alisema, akachukua kikombe chake akaondoka. Wale wa ng'ambo wakamwajiri mwezi uleule, na mhariri akajiona nabii. Sasa lililobaki lilikuwa kumjua aliyekuwa akimlisha huyo shemeji kutoka ndani.

Tangu hapo hata kabati la ofisi hakuliamini. Kila jioni alizibeba kadi halisi zote za S kwenye mkoba mpaka nyumbani, zile mbili za uongo akiziacha ofisini, akausukuma mkoba mvunguni.

Jioni ile mezani aliomba chumvi. Mkewe akamsogezea bila neno. Siku hizi alikuwa mtu wa "ndiyo", "hapana" na "sahani hiyo". Mhariri alikuwa ametunga uongo kutwa nzima, na ulimi ukamteleza.

"Mama watoto, unajua set ina maana nyingine? Ukimya unaoingia mezani mtu akiomba chumvi."

Alitegemea acheke. Zamani angecheka mpaka ashike meza.

"Asili yake?" mkewe akauliza.

"Wachungaji wa milimani."

"Milima gani?"

"Ya kaskazini huko."

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu shemeji afukuzwe, kwa mkewe kuuliza habari za kazi yake, na mhariri alifurahi kwelikweli. Akaongeza chakula. Usiku alilala fofofo.

Wiki zilizofuata aliwachunguza wale wawili mpaka wakakosa raha. Mpiga chapa alikuwa anatoka mapema, kwa nini? Msahihishaji alikuwa amehamisha kiti chake dirishani, upande wa ng'ambo; kwa nini? Alisema anafuata mwanga. Mhariri aliandika barua mbili za kufukuza kazi, moja kwa kila mmoja, akazifungia kwenye droo. Mmoja wao angepewa yake, na ya mwingine ingechanwa.

S ya washindani ikatoka siku ya Jumanne. Ya ofisi ya mhariri ilikuwa bado kiwandani ikichapwa. Mhariri hakumtuma mtu. Alivuka barabara mwenyewe, akakinunua kijitabu, akarudi na kuwaita wote wawili mezani kwake. Barua zilikuwa mbele yao, na kila mmoja aliliona jina lake.

"Bosi, mimi nina mama yangu kitandani," mpiga chapa alisema. "Ndiyo maana natoka mapema. Kama ni kufukuzwa, niambie nijue."

Msahihishaji alivua miwani, akaishika tu.

Mhariri akafungua penye set. Kidole kikashuka. Kuweka, kutega mtego, kuandaa meza, yote kwa maneno yake mwenyewe, mpaka nukta. Mbuzi hakuwepo. Akashuka tena taratibu, akitafuta bawaba. Bawaba nayo haikuwepo. Aliwatazama watu wake wawili na aibu ikampanda mpaka masikioni. Akazichana barua zote mbili.

Kisha akafunua ukurasa, maana bado set ilikuwa haijaisha. Kidole chake kikasimama kwenye mstari wa mwisho, kisiondoke.

Mpiga chapa, moyo umemtulia, akainama kusoma kwa sauti: "Ukimya unaoingia mezani mtu akiomba chumvi. Asili: wachungaji wa milima ya kaskazini."

Akacheka. "Hii nzuri, bosi. Mbona sisi hatuna?"