Gauni la Shuka Kuukuu

Chiriku alitandaza gauni lake mezani, kando ya magauni matatu ya wenzake yaliyokuwa yakimeremeta. Lake alikuwa amelishona kwa shuka kuukuu.

"Kizuri chajiuza," mmoja akanong'ona, wenzake wakaangua kicheko. Chiriku naye akacheka nao.

Fundi aliyekuwa akitafuta msaidizi hakusifia kitambaa cha mtu. Alilipindua gauni la kwanza ndani nje, nyuzi zikaning'inia kama ndevu za beberu. La pili na la tatu, yale yale.

Akalipindua la Chiriku. Akaligeuza tena. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye kila mshono.

"Mwanangu, nje ni upande upi?"

"Chagua mwenyewe, mama."

Fundi akaivua futi iliyokuwa shingoni mwake, akamvisha Chiriku.