Anaoa kwa Watu Gani

Miaka ile ngozi za watu zilibadilika rangi kila alfajiri kama mawingu ya mashariki, na hakuna aliyeshangaa tena. Siku wageni walipokuja kumposa Salha, mama yake, Bi Mwanahija, aliamka mweupe kama tui. Mama wa kijana, siku hiyo mweusi tii, alikunywa kahawa taratibu.

“Samahani mwenzangu,” akasema, “kwa asili ninyi mlikuwa rangi gani?”

“Sikumbuki,” akajibu Mwanahija, na kweli hakukumbuka.

“Wala mimi yetu siikumbuki. Lakini lazima nijue mwanangu anaoa kwa watu gani.”

Salha akaingia na sinia la vitumbua. Mgeni hakuvitazama. Aliinama, akaanza kuyachunguza masikio ya binti, moja baada ya jingine. Mwanahija akajikuta anavuta ushungi kufunika yake.