Nyumba Isiyo na Zabibu

Sista Kanyiva alivihesabu vidonge mara ya pili, akivisogeza kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu. Hesabu ilikuwa sawasawa.

"Mama, niambie ukweli. Hanifa hamezi viwili badala ya kimoja?"

Mwanatumu aliapa kwamba hamezi. Hanifa mwenyewe, aliyeketi kando ya mamake na leso imemfika kidevuni, hakuwa na nguvu za kuapa. Tangu mwezi uliopita daktari alikuwa ameipunguza dawa, lakini upele haukukauka, matapishi hayakukoma, na moyo ulikwenda mbio kisha ukaruka pigo. Daktari alisema mwili wake ulikuwa kama wa mtu anayemeza maradufu. Kuiacha dawa hakukuwezekana. Ndiyo iliyokuwa ikiizuia saratani ya damu, na hospitali haikuwa na nyingine ya kumpa. Moyo ukishindwa kuistahimili, basi.

"Na masharti unayafuata?"

"Nimeyahifadhi kama Fatiha, Sista."

Mwanatumu hakuwa akijigamba. Karatasi ambayo Sista Kanyiva aliiandika kwa mkono wake ilibandikwa ukutani kwao Bongwe, juu ya mtungi wa maji. Asile chochote kwa muda wa saa mbili kabla ya kidonge, wala saa moja baada yake. Asitumie mitishamba. Asile grepfruti, matunda mengine ruhusa. Hilo neno moja lilimtatiza Mwanatumu siku ya kwanza, lakini Hanifa, ambaye alikuwa mwalimu wa chekechea, alimcheka.

"Greps ni zabibu, mama. Zile za watalii kule Diani. Wewe hapa utazipatia wapi?"

Hata hivyo Mwanatumu hakutaka kubahatisha. Kila sahani ya pilau iliyoletwa na jirani aliipekua kwa vidole, akitoa zabibu kavu kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Siku ya Idi alimrudishia wifi yake Twaiba keki nzima, kwa sababu ya zabibu tatu alizoziona juu yake. Twaiba alinuna wiki mbili.

"Na anune," alisema Mwanatumu. "Mimi mwana ninaye mmoja."

Kichefuchefu nacho alikuwa amekipatia dawa yake tangu mapema. Wali haukukaa tumboni mwa Hanifa, uji haukukaa, hata maji ya tangawizi yalirudi. Kilichokaa ni balungi, la mti wao wenyewe nyuma ya jiko. Mwanatumu alilimenya, akaibandua ile ngozi nyeupe iliyo chungu, akanyunyiza chumvi kidogo, kisha akaketi na saa ya mkononi mpaka muda wa baada ya kidonge utimie. Hakumpa hata dakika moja kabla. Hanifa alikula kipande kwa kipande, na ule ukali ukamkata kichefuchefu.

Waliporudi kutoka hospitali siku ile ya kuhesabiwa vidonge, mama alizidisha bidii. Likawa balungi moja asubuhi na moja jioni. Hanifa alipozidi kudhoofika, akaongeza na la mchana.

"Utanigeuza balungi, mama," Hanifa alimtania siku moja, midomo imempauka.

"Geuka. Bora usinitoke."

Alimtoka Ijumaa, saa nne asubuhi. Hanifa aliinuka kwenda kufungua dirisha, akashika kifua kama aliyekumbuka jambo, akaanguka. Jirani alipofika na gari, hapakuwa tena na wa kupakiwa.

Siku ya tatu ya matanga, Sista Kanyiva alikuja. Alikuwa amejifunga leso juu ya sare yake na mtandio kichwani, akaketi mkekani pamoja na wanawake, miguu ameikunja vibaya kwa kutozoea. Alimwambia Mwanatumu kwamba majibu ya damu ya mwisho yalikuwa yamefika baada ya mazishi. Saratani ilikuwa imepungua sana. Ni moyo tu.

Mwanatumu aliinamisha kichwa. Kwa siku tatu alikuwa na swali moja, na hakuthubutu kumwuliza mtu mwingine.

"Kuna mahali nilikosea, Sista?"

"Hakuna, Mama. Nimewaona wagonjwa wengi. Sijamwona aliyetunzwa hivyo."

Ndipo Mwanatumu alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na wanawake wakamwacha alie. Alipomaliza aliufuta uso kwa upindo wa leso, akaona mgeni wake jasho linamtiririka na hajapewa kitu. Alikwenda nyuma ya jiko, akachuma balungi. Alilimenya kwa mikono iliyozoea, akatoa ngozi nyeupe, akanyunyiza chumvi, akaleta kwenye sahani ile ile.

"Karibu, Sista. Ni la mti wetu."

Sista Kanyiva alitia kipande mdomoni, akafumba macho kwa ule ukali, kisha akatabasamu kidogo.

"Kumbe hata huku kwenu grepfruti zinamea, Mama?"