Jiko Limekataa Maharage

Siku hizi majibu ya hospitali hufika kwanza jikoni. Karani akishayapa msimbo, jiko la mgonjwa huutii na kukataa kumpikia vyakula vilivyokatazwa mpaka siku anayozikwa, kwa kuwa msimbo ukishaingia haufutwi.

Mwanaidi ni karani wa misimbo. Sampuli humjia bila majina. Leo ilikuja moja tu ya utumbo, na daktari alikuwa ameandika: "Seli zina shaka, zipimwe tena." Msimbo wa shaka husubiri idhini ya mkubwa wa zamu, kwa hiyo ofisini kwao wote huingiza "si za kawaida" ili kazi isonge. Naye akaingiza hivyo.

Jioni mumewe, Shaweji, alibandika maharage ya nazi. Jiko likazima. Mwanaidi alipoligusa yeye, likawaka. Shaweji akajaribu tena, likazima. Alipobandika uji mwepesi, likamkubalia.

Shaweji akakaa kwenye kigoda, mwiko mkononi.

"Mama Raya, wiki iliyopita nilipimwa utumbo. Sikutaka kukutia wasiwasi. Lakini huko kwenu huwa mnakosea, siyo?"

Mwanaidi alichukua ule mwiko akaanza kuukoroga uji.

"Hatukosei," alisema.