Sauti ya Mzee Ooko

Kompyuta ilikuwa inapiga king'ora, na kioo chote kilikuwa kimegeuka chekundu. USIZIME, kiliandika kwa herufi kubwa. UKIZIMA, KILA KITU KITAFUTIKA.

Magdalene aliacha samaki wake wa omena kwenye karai, akasimama mbele ya meza huku mikono ikichuruzika maji, asijue pa kuiweka. Hapo simu ikaita.

"Mama Akello?" Sauti ya mwanamume, ya upole kabisa. "Naitwa Sam, wa usalama wa kompyuta. Tunaona yako imeingiliwa. Na pole sana kwa kumpoteza Mzee Ooko."

Alimjua mumewe. Alijua mzee alizikwa Maseno, na kwamba binti yao Akello yuko ng'ambo na hakuweza kuja mazishini. Magdalene akakaa.

"Usifute sauti ya mzee!" alipaza sauti. "Tafadhali, baba. Futa vingine vyote, hiyo uniachie."

"Sauti gani, Mama?"

Akamwambia. Ooko, saratani ya koo ikiwa bado haijamnyang'anya maneno, alijirekodi akizungumza na mtoto ambaye Akello alikuwa hajamzaa. Aliagiza mtu yeyote asiisikie wala asijue habari zake, hadi siku mjukuu atakapoletwa nyumbani. Magdalene alikuwa mtiifu kupita kiasi. Hakuinakili popote, hakumwambia mtu, hata Akello mwenyewe. Sasa alikuwa anamsimulia mgeni kwenye simu, tena kwa machozi.

"Basi nipe neno lako la siri, Mama. Haraka, inafutika."

Neno la siri. Ndipo akamkumbuka Bildad.

Bildad ni kijana aliyekuja kanisani kuwafundisha akina mama kujilinda na matapeli wa mitandaoni. Aliwachekesha mpaka wakafuta machozi. "Sisi watu wa huku mtu akifa tunatangaza ukoo mzima gazetini," aliwaambia. "Mke ni nani, watoto wako wapi, mazishi ni wapi, na nambari ya simu chini. Halafu tapeli akipiga akakutaja jina, unadhani ni malaika!" Wakikutisha, alisema, kata simu, chomoa waya, mpigie mtu unayemjua. Mwisho akawagawia stika zenye nambari yake, wabandike kwenye kompyuta zao.

Magdalene alikata simu. Akachomoa waya ukutani, na king'ora kikanyamaza. Kimya hicho kilimtisha kuliko kelele. Kama sauti ya mzee imekwenda, basi ameiua yeye mwenyewe kwa mkono wake. Alikosea nambari ya kwenye stika, akaanza upya.

Bildad alifika kabla chai haijachemka. Bahati nzuri alikuwa hapo hapo stendi ya Mamboleo.

"Umefanya vizuri sana, Mama," alisema akivua kofia ya pikipiki. "Wenzako wamepoteza kila kitu. Sasa funga geti. Hawa watu siku hizi wanakuja mpaka nyumbani."

Hilo hakuwa amelifikiria. Alikimbia akatia kufuli, akatumbukiza ufunguo kwenye mfuko wa aproni, akarudi akitazama nyuma.

Bildad aliwasha kompyuta. Alipoomba neno la siri, Magdalene alimpa, kwa maana huyu si mgeni. Kijana alibonyeza hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Virusi vimeingia ndani sana. Itabidi niende nayo mjini, kesho nikuletee. Kuna kitu cha maana humu?"

"Picha tu," alisema Magdalene. Agizo la Ooko alikuwa ameshalivunja mara moja siku hiyo, na mara moja ilitosha.

"Hazitapotea. Niamini mimi."

Naye alimwamini. Alimmiminia chai, akamwekea mandazi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akahisi pumzi ikishuka hadi tumboni. Huyu kijana mama yake amemlea, alijisemea. Alimtazama akichomoa nyaya na kulibeba lile sanduku la kompyuta kifuani kwa uangalifu, kama mtu aliyepakata mtoto.

"Haya Mama, nifungulie geti."

"Hapana, *nyathina*, mwanangu. Katika nyumba hii mgeni hatoki bila maombi. Tena leo! Utuombee wewe."

Bildad aliangalia geti. Kisha akacheka kidogo, akaweka sanduku mezani, akalifunika kwa kiganja na kufumba macho. Magdalene naye akafumba.

Kijana alijua kuomba. Aliomba kama watu wa huku wanavyoomba, akikitaja kila kitu kwa jina lake. Alishukuru kwa chai na kwa mikono iliyoipika. Akaombea wajane wote wa Mamboleo. Akamwombea Akello huko ng'ambo. Kila alipopumua, Magdalene aliitikia amina, na mara hii machozi yake yalikuwa ya shukrani.

"Na mashine hii, Baba, uilinde njiani," Bildad aliendelea, sauti ikipanda. "Uilinde sauti ya Mzee Ooko iliyo humu ndani, mpaka siku ile mjukuu atakapoletwa nyumbani aisikie."

"Ami—"

Magdalene alifumbua macho. Mbele yake Bildad alikuwa bado ameinamisha kichwa, kiganja juu ya kompyuta, akiomba. Ndani ya ua hapakuwa na mtu mwingine, na geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

Habari ya sauti hiyo alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alijiita Sam.